Posa ya Kaka Danstan Iliyorudishwa kwa Kosa la Filta ya AC

Clever Pancras,
Kata ya Bukiriro,
Ngara.

Jumatano, siku ya nne tangu uturudishe.

Kwa Mzee Jeremia,
Biharamulo.

Mzee wangu, shikamoo. Marahaba nimeiitikia mwenyewe kwa niaba yako, ili barua isisimame mlangoni kusubiri.

Kabla sijalalamika ni vizuri ujue unalalamikiwa na nani. Mimi ndiye kijana pekee kuanzia Mto Ruvubu mpaka Ziwa Burigi aliyewahi kubadilisha filta ya AC ya gari nyumbani kwao, bila spana, bila fundi, bila kuvua shati na bila kuombwa na mtu. Shule niliishia kidato cha pili, si kwamba masomo yalinishinda; niliona walimu wameanza kurudia. Injini nazielewa kama wengine wanavyoelewa redio. Ukiona lori limepita barabara ya Rusumo bila kukohoa, kuna uwezekano mkubwa niliwahi kulitazama.

YAH: KUPINGA UAMUZI WA PUA YAKO JUU YA POSA YA KAKA YANGU DANSTAN KWA BINTI YAKO SUZAN

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Jumamosi iliyopita tulifika kwako saa sita mchana, watu wanne. Msemaji wetu alikuwa Baba Mdogo Yohanes, mwenye lile gari la Noah, na ndiye aliyeendesha. Shangazi Francisca alibeba kikapu cha zawadi. Kaka Danstan, ambaye ndiye mwenye shida, alikaa nyuma na koti la kuazima lililomzidi mikono. Mimi nilikaa mbele, kama mtaalamu wa safari. Saa sita na robo tulikuwa tunageuza gari. Ndani ya robo saa hiyo uliamua kwamba sisi ni ukoo wa walevi, kwamba tumekunywa njia nzima tangu Ngara, na kwamba Suzan hawezi kuolewa kwenye nyumba inayonuka rubisi.

Sasa naandika kukueleza, kwa heshima zote na bila kuficha kitu, kwamba hakunywa mtu. Iliyonuka ni filta.

Naomba nieleze kitaalamu. Hewa ya AC hupita kwenye filta kabla ya kumfikia abiria. Filta hiyo imekaa nyuma ya droo ya dashibodi, pale watu wanapoweka risiti, rozari na soksi moja. Watu wengi wa huku wanaishi na filta hiyo miaka na miaka bila kutambulishwa kwake. Mimi nilitambulishwa na simu. Kuna video ya bwana mmoja wa nchi za mbali, mwenye vidole visafi, anaifungua uani kwake kwa dakika tatu. Maneno yake sikuyaelewa, lakini mikono yake ilikuwa inaongea Kiswahili kabisa. Nikaibonyeza droo ubavuni, ikashuka. Nikaachia vibanio viwili, filta ikatoka.

Mzee, ilikuwa na vumbi jekundu la barabara ya kwetu la kutosha kupanda viazi vitamu. Kulikuwa na maganda ya kahawa, manyoya ya kuku, na nyumba ya panya yenye chumba na sebule. Nikampigia fundi wa Kabanga, akasema filta mpya mpaka iagizwe Mwanza, wiki mbili. Na posa ilikuwa keshokutwa. Na Shangazi Francisca ana kifua. Ukimpitisha kwenye vumbi anakohoa mpaka anasahau alichotumwa. Ungependa aje kukukoholea?

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi ambayo haijawahi kufanywa na akili nyingine. Bibi yetu Speciosa anatengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu kabla sijazaliwa, na kabla baba hajazaliwa pia. Maji ya ndizi anayachuja kwa nyasi, anazipanga kwenye kibuyu kilichokatwa shingo. Nimezitazama nyasi hizo utoto wangu wote. Nyuzi za ndizi hazipiti. Punje ya mtama haipiti. Nyuki hapiti. Sasa wewe mwenyewe nijibu: kitu kinachomzuia nyuki kitashindwaje na vumbi? Nikaikata ile karatasi chakavu ya filta, nikabakiza fremu yake, nikaijaza nyasi za Bibi zilizotoka kazini siku hiyohiyo, nikashona kwa kamba ya katani. Nilizikamua mara mbili. Nilizianika juu ya bati tangu asubuhi mpaka mvua ilipokuja. Nilipozirudisha nilizingatia hadi ule mshale wa kuonyesha hewa inakoelekea, ambao mafundi wengi wanadhani ni urembo.

Ijumaa jioni nikawasha. Hewa ikatoka baridi, safi, imetulia. Shangazi alinipigia vigelegele. Baba Mdogo, ambaye siku zote ananiita "wewe", aliniita kwa jina, akasema mbele ya watu wote, "Huyu Clever, kumbe ana kichwa."

Yaliyofuata Jumamosi ni sayansi. Jua la mchana, mwendo wa saa tatu, nyasi zenye unyevu, sukari ya ndizi na vumbi la mtama: kitu kikachacha. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua harufu inatoka wapi. Kaka Danstan ndiye aliyefungua droo Jumapili baada ya misa. Aliitoa kazi yangu kwa vidole viwili, akaitazama, akanitazama mimi, akaiweka juu ya tofali. Ushahidi bado uko pale, kama kuku watakuwa wamebakiza. Wawili waliuonja jana wakaenda kulala saa tisa alasiri.

Baada ya utangulizi huo mfupi, malalamiko yangu ni haya.

1. Kusalimiana na filta ukadhani ni sisi. Mlango wa Noah ulipofunguka, hewa ilishuka kabla yetu. Ikakufikia kwanza pale barazani, wewe ukakunja uso, na mpaka Baba Mdogo anamaliza kusema hodi ulikuwa umeshamaliza kesi. Hukumpa mtu nafasi. Kwetu hata mwizi wa ndizi anaulizwa kwanza ni za kupika au za kuiva.

2. Baba Mdogo kupumulishwa. Ulimsogelea ukasema, "Hebu nipumulie hapa, bwana." Mtu mzima, amevaa suti, ana hotuba ya posa mfukoni aliyoiandika wiki nzima, akainama akakupumulia. Ukasema, "Nilijua tu." Mzee, hukujua. Baba Mdogo Yohanes aliacha pombe miaka sita iliyopita, kwa akili yake, bila kufungwa kamba na bila kuombewa. Kabla ya hapo alikunywa, sikufichi. Kuna siku aliamka kwenye shamba la mihogo la jirani akaanza kuulizia usafiri wa kurudi Tanzania. Lakini tangu aache, Bibi akichuja rubisi yeye anahamisha kiti upande wa pili wa nyumba na soda yake. Ulichonusa wewe ni saa tatu za kupulizwa usoni na filta yangu. Hata askofu ungemweka kiti kile angeshuka ananuka harusi.

Tangu Jumapili hajaenda senta. Habari ilipanda basi ikamtangulia. Alipopita siku hiyo kutoka kanisani wanywaji wenzake wa zamani walimwita pale kwenye kibanda cha chipsi, "Yohanes, tumesikia umeianza tena, karibu kundini!" Alivua kofia. Alitembea na kofia mkononi mpaka nyumbani.

3. Kuuawa kwa nzi wetu. Ni kweli kwamba tulipoingia sebuleni tuliingia na nzi wale wadogo wa ndizi mbivu. Idadi yao siijui, walikuwa hawatulii. Ni kweli kwamba baadhi walikwenda moja kwa moja kwenye maziwa ya mgeni. Lakini Mama Benedicta, mke wako, aliwafuata kwa taulo ukutani, juu ya redio na kwenye kalenda ya kanisa, huku anasema, "Hata nzi wao wamelewa." Mzee, nzi wale walikuwa wazima wa akili. Walitoka Ngara wakiwa wageni kama sisi, na hawakurudi hata mmoja.

4. Kuiombea Noah bila kuiuliza dini yake. Nafahamu kanisa lenu halitaki pombe hata ya kusimuliwa, na mimi siingilii. Lakini ulipotusindikiza uliweka mikono miwili juu ya boneti ukaiamuru roho ya ulevi itoke, itoke, itoke, kwa muda wa kama dakika tano, milango yote ikiwa wazi. Noah ile ilishabarikiwa na padri wetu, kwa maji ya baraka, ndani na nje, hadi tairi la akiba. Sasa ina baraka mbili zinazovutana. Tangu tufike nyumbani haiwaki mpaka isukumwe, na ikiwaka inaanza kwa kurudi nyuma. Fundi anasema ni betri. Fundi huyo ni yule aliyetaka wiki mbili kuleta filta, kwa hiyo maneno yake nayaweka pembeni.

Pia ningependa kukumbusha, bila ugomvi, kwamba ulipomaliza kuomba ulivuta hewa ukasema, "Sasa inapungua." Ilipunguaje, kama aliyekunywa ni Baba Mdogo, naye alikuwa amesimama palepale ubavuni kwako? Iliyokuwa inapungua ni gari. Milango ilikuwa wazi. Ushahidi ulikuwa puani mwako, ukaupita.

5. Suzan kuambiwa aingie ndani. Hili ndilo kubwa, na ndilo limenifanya niombe kalamu. Kaka Danstan na Suzan walijuana Lusahunga, pale kwa shangazi yake Suzan anayewauzia chai madereva wa malori. Kaka alikuwa anapeleka maharage. Mzee, mtu anapeleka maharage mara moja kwa msimu. Kaka alianza kupeleka kila wiki, mengine ya kuazima. Kwa miaka miwili amekunywa chai ya Lusahunga ya kutosha kuoshea Noah, na yeye chai haipendi. Jumamosi hiyo alikuwa amejifunza kusalimia Kisukuma kwa ajili yako. Alifanya mazoezi njia nzima, akatuchosha. Hakupata hata nafasi ya kuanza. Ulisema, "Suzan, ndani," akaingia, na mlango ukafungwa.

Sasa hivi Kaka anakata matawi ya kahawa ambayo hayakatwi mwezi huu. Bibi amemwambia, "Wewe, unaua mikahawa," akasema anajua. Usiku wa Jumatatu Suzan alimtumia ujumbe kwamba umesema ukoo ule ukirudi hapa utakuta geti limefungwa. Na kwamba kuna mtu wa Chato ameulizia. Kaka aliusoma ujumbe ule mara nyingi mpaka simu ikazima, akaendelea kuishika.

6. Usalama wa taifa. Ukiachiwa, jambo hili halitaishia Biharamulo. Kesho baba mwingine wa binti atarudisha posa kwa sababu gari limenuka mafuta, atasema ni ukoo wa wauza petroli. Keshokutwa watu wa Kabanga watarudishwa kwa kunuka samaki waliokuwa wa abiria mwingine. Vijana hawataoa. Noah zitabaki bila bi harusi wa kubeba, wenye kumbi watafunga, wapiga kinanda watarudi kulima, na mimi nitakuwa mtaalamu wa filta kwenye wilaya mbili zisizo na watu. Lini uliwahi kufikiria hayo, pale ulipokunja uso?

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, na naona ni machache.

Kwanza, uamuzi wa pua yako ufutwe. Pua ipumzishwe na shughuli za posa kwa kipindi cha mwaka mmoja, ikibakiziwa kazi za nyumbani.

Pili, utupokee tena Jumamosi ijayo. Tuko tayari kuja na pikipiki, mmoja mmoja, tukiwa tumepulizwa na upepo pande zote. Ukitaka, tutasimama umbali wa mita ishirini na Baba Mdogo atasoma hotuba yake kwa spika ya kanisa lenu.

Tatu, umwandikie Baba Mdogo barua ya kumwomba radhi, yenye mhuri, ili aibandike pale kwenye kibanda cha chipsi.

Nne, mimi nitambuliwe rasmi kama mshauri wa ufundi wa ndoa hiyo. Gari la wanaharusi lisiguswe na mtu mwingine. Nina mawazo mapya kuhusu feni.

Tano, watoto watakaozaliwa, wa kwanza wa kiume aitwe Clever. Akiwa wa kike pia silazimishi jina lingine.

Na kama ombi la pili likikataliwa, basi nitalazimika kuleta filta yenyewe hapo kwako, niiweke mezani mbele ya wazee wa kanisa lako, kila mmoja anuse kwa zamu na kuandika alichonusa kwenye karatasi. Nitaibeba kwenye mfuko wa nailoni, lakini siwezi kuwajibika kwa nzi.

Nakusalimia sana. Msalimie Mama Benedicta, mwambie taulo lile lifuliwe kwa maji ya moto. Wasalimie wazee wa kanisa, jirani yako aliyetuchungulia juu ya ukuta akashindwa kushuka, na yule mbwa wenu mweusi, ambaye ndiye pekee aliyetukaribia kwa furaha. Suzan msalimie kwa niaba ya mtu ambaye hajanituma, yuko shambani anaharibu mikahawa. Huku wote ni wazima, isipokuwa kuku wawili, nao wanaendelea vizuri.

Ni mimi kijana wako, katika kutetea hewa safi na haki za wakwe,

Clever Pancras,
Fundi Filta.

Nyongeza.

Mzee, barua hii niliimaliza jana nikampa Shangazi Francisca aisome kabla ya kuituma. Alicheka mpaka kifua kikambana. Halafu akaacha kucheka akaniuliza, "Na wewe siku ile ulikuwa umekaa wapi?" Nikasema mbele. Akasema, "Haya." Akanirudishia karatasi.

Pale juu nimeandika kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua harufu inatoka wapi. Niliandika vizuri, lakini si kweli. Wao watatu hawakujua. Mimi nilijua tangu tulipopita Nyakahura, kabla ya Lusahunga. Harufu ya nyasi za Bibi naifahamu kuliko ya nguo zangu.

Kwa hiyo malalamiko yote sita yafute, na maombi yote, isipokuwa lile la pili, la kutupokea tena. Uliponusa ulinusa kitu cha kweli, na baba yeyote angefanya ulivyofanya. Usiandike barua ya radhi. Kibandani nitakwenda mwenyewe nikawaambie, na barua hii naileta kwa mkono wangu, sitaituma kwa basi. Ukinifungia geti nitakaa nje mpaka uisome.

Baba Mdogo aliniuliza, Mzee. Hiyo ndiyo imenikaa. Tulisimama Lusahunga kununua maji, katikati ya malori, injini imezimwa, Kaka ameshuka anachana nywele kwenye kioo cha pembeni. Baba Mdogo akavuta hewa mara mbili, akashika tai yake, nikaona anaogopa. Akasema taratibu, wengine wasisikie, "Clever, hii harufu mimi siwezi kuingia nayo kwa watu. Inatoka wapi?" Droo ilikuwa inagusa magoti yangu. Ni vibanio viwili tu, dakika tatu. Lakini jana yake alikuwa ameniita kwa jina mbele ya watu.

Nikamwambia ni malori.